Nzuu Haendi Bila Mimi

Mtoto wa mbwa aliletwa ndani ya katoni ya sabuni, mwaka ule uliofuata mvua za El Nino. Bwana Titus mwenyewe ndiye aliyeishusha katoni mbele ya mlango wa Mzee Zaki, akaisukuma kidogo kwa ncha ya kiatu, kama mtu anayesogeza kitu kisichomfaa.

"Huyu ni wako, mzee," alisema. "Wageni wote wamekubali. Umetushikia mbwa miaka mingi, na sasa mguu umekataa. Hatungekuacha mikono mitupu."

Mzee Zaki alijaribu kuinuka kwa heshima. Mguu ukamrudisha kitini. "Ahsante sana, bwana. Ahsante. Mungu awazidishie."

Binti yake, Mwanatumu, alikuwa hapo hapo barazani nyuma ya cherehani, akishona sare za shule. Ahsante ile ilimchoma kuliko sindano. Aliinuka akachungulia katoni. Ndani mlikuwa na kitoto cha kike cha rangi ya manjano iliyopauka, tumbo limevimba kwa minyoo, jicho moja limezibwa na tongo. Hakuhitaji kuambiwa. Mbwa wa Bwana Titus alikuwa amezaa, wageni wa Nairobi wakachagua walionona, na hiki ndicho kilichobaki. Baba yake alikuwa ametembea nyika kutoka Athi River mpaka Yatta akiwabebea wenye bunduki ndege wao na kuwashikia mbwa wao. Mguu wenyewe aliuvunja akiwa kazini kwao, alipotumbukia kwenye shimo la mhanga. Sasa walikuwa wamemlipa.

"Baba, tukirudishe," alisema gari lilipoondoka.

"Kirudi wapi? Watakitupa mtoni." Mzee Zaki alikigeuza kitoto huku na huku kwa mkono uliozoea. "Na kazi hakiwezi. Mbwa wa kazi unamjua kwa kichwa. Angalia kichwa hiki, kidogo kama mbaazi."

"Basi ataitwa Nzuu," Mwanatumu akasema, maana mbaazi Wakamba huziita hivyo. "Na kazi ataifanya."

"Atafundishwa na nani? Mimi siwezi hata kufika chooni bila fimbo."

"Na mimi."

Mzee Zaki alicheka mpaka akapaliwa. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka, na kwa Mwanatumu hilo lilitosha. Yeye alikuwa mtu wa namna hiyo: ukitaka afanye jambo, mwambie hawezi. Aliyekuwa mumewe alilijua hilo, ila alilijua akiwa amechelewa.

Watu wengi hudhani mbwa wa mawindo kazi yake ni kukimbiza. Labrado, jamii ya mbwa aliyotoka Nzuu, hakuumbiwa hivyo. Yeye kwanza hukaa. Bunduki zikilia, akae. Kanga wakianguka, akae na kukumbuka kila mmoja ameangukia wapi. Kisha akiagizwa, aende moja kwa moja, amwokote ndege kwa kinywa bila kumtafuna, amlete mpaka mkononi. Mwanatumu aliyajua hayo tangu utotoni, kwa sababu alikuwa akimfuata baba yake mawindoni mpaka alipovunja ungo, na Bwana Titus akasema msichana mkubwa hana kazi katikati ya wanaume na bunduki. Siku ile alirudishwa nyumbani akiwa amebeba kwale wawili waliofungwa miguu, akilia kwa hasira njia nzima.

Habari ya mbwa ilifika dukani kwa Ami Abdalla, ndugu yake Mzee Zaki, aliyekuwa akiuza vitambaa karibu na msikiti. Alikuja asubuhi, akasimama nje ya lango huku ameishika kanzu yake isiguse kitu.

"Mwanatumu, mwanangu, nimesikia jambo nikasema ni uongo. Mbwa, katika nyumba hii?"

"Si ndani ya nyumba, ami. Nimemjengea banda nyuma ya jiko, nje ya ua."

"Mbwa ni najisi."

"Mate yake ni najisi, na mimi naosha mara saba, moja kwa udongo, kama mlivyonifundisha. Lakini mbwa wa kuwinda ana ruhusa, mradi awe amefundishwa. Muulize maalim."

"Huyo amefundishwa?" Wakati huo Nzuu alikuwa amelala chali akitafuna patipati ya Mzee Zaki.

"Atafundishwa."

"Na watu watasemaje? Mwanamke aliyeachwa, anapita sokoni akiburutwa na mbwa!"

"Watasema, yule pale mwanamke aliyeachwa anapita sokoni akiburutwa na mbwa. Watakuwa hawajakosea. Karibu chai, ami."

Ami Abdalla hakunywa chai siku ile.

Mwanatumu alianza na kukaa. Kila alfajiri baada ya swala, kabla hajafungua cherehani, aliteremka na Nzuu mpaka kwenye uwanda ulio karibu na bwawa la Maruba. Alikuwa ameshona kanga wa turubai kutokana na vipande vilivyobaki vya mahema, akamjaza katani na kumfungia manyoya ya kanga wa kweli. Alimrusha. Nzuu alitoka kama jiwe la teo, naye akamrudisha kwa kamba. Akamrusha tena. Nzuu akatoka tena. Wanawake waliokuja kuteka maji waliweka madebe chini wakatazama sinema. "Mama Ngiti!" walimwita, yaani mama mbwa, naye aliitika, "Naam, ndiye mimi, mmeamkaje?" mpaka mzaha ukakosa ladha na jina likabaki jina tu.

Nzuu alijifunza kukaa. Ilichukua muda kuliko ambavyo Mwanatumu angekubali kumwambia baba yake, lakini alijifunza. Alikaa akitetemeka mwili mzima, macho yamegandia pale turubai lilipoangukia, matone ya mate yakimdondoka, na hakuinua makalio mpaka aliposikia "Leta!"

Tatizo likawa kinywa. Alikuwa aking'ata. Kanga wa turubai alirudi akiwa ametoboka, katani zinamtoka. Mwanatumu akajaribu yai. Nzuu alilipokea kwa adabu, akalila pamoja na ganda.

"Mwekee miiba," Mzee Zaki alimwambia. Alikuwa amezoea sasa kusubiri habari za kila asubuhi, ingawa alijifanya hazimhusu. "Choma miiba ya mgunga kwenye hilo turubai. Akibana, inamchoma. Sisi wote tulifanya hivyo."

"Na mbwa wenu wote waliogopa kuokota chochote kigumu. Nakumbuka, baba."

"Walifanya kazi!"

"Sitamtia miiba."

"Basi endelea kumlisha mayai."

Alikasirika, na akiwa na hasira hiyo hiyo akaketi mbele ya Nzuu aliyekuwa ameshika turubai, akalivuta. Nzuu akabana. Akavuta tena, Nzuu akabana zaidi, mkia ukitikisika. Hapo ndipo alipoona kosa lilikuwa la nani. Kila mara alipoletewa kitu alikuwa akikinyakua, kwa haraka ya kurudi kwenye sare za watu, na mbwa alikuwa ameshika kwa nguvu kwa sababu kila siku ananyang'anywa. Mwanatumu akaondoa mkono. Akakaa chini kwenye umande, akauacha mkono wazi chini ya kidevu cha mbwa, akangoja. Jua lilipanda mpaka likamchoma mgongoni. Wateja, bila shaka, walikuwa wamefika na kuondoka. Hatimaye Nzuu alishusha pumzi ndefu, akafungua kinywa, turubai likaanguka kiganjani.

Tangu siku hiyo hakumnyang'anya tena kitu. Na kabla ya mbaazi kuanza kukauka mashambani, Nzuu aliweza kuvuka uwanda na yai kinywani na kulileta zima, likiteleza kwa mate. Mwanatumu alilipeleka moja nyumbani, akaliweka kwenye sahani mbele ya baba yake. Mzee Zaki aliliangalia upande huu na upande ule.

"Lioshe hilo," alisema. "Mara saba."

Bwana Titus alipita mtaani wakati huo akielekea sokoni, akamwona Nzuu, ambaye sasa alikuwa amejaa kifua na jicho limepona. Alisimamisha gari. "Ndiye yule wa katoni?" Hakungoja jibu, alichomoa bunduki ya marisau kwenye kiti cha nyuma. "Tuone kama ana moyo."

"Bado, Bwana Titus," Mwanatumu alisema. "Hajazoea mlio. Ninataka kuanza taratibu..."

Bunduki ililia juu ya kichwa cha mbwa, pale pale kando ya njia. Nzuu alijikunja, akakojoa, kisha akakimbia kamba ikimfuata kama nyoka. Walimpata jioni chini ya meza ya mwuza nyanya, amejibana kwenye magunia, hataki hata kunusa nyama.

"Pole, mama," Bwana Titus alikuwa amesema kabla ya kuondoka, akicheka. "Anayeogopa bunduki hana dawa. Huyo hata mimi ningemtia risasi ili asile chakula bure."

Usiku ule hata baba yake hakumtania. Alisema tu kwamba katika miaka yake yote hakuwahi kuona mbwa aliyevunjika kwa mlio akarudi kazini. Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliomuudhi Mwanatumu zaidi.

"Utamwona huyu," akajibu.

Nje ya mji kulikuwa na machimbo ya mawe ambapo walipasua mwamba kwa baruti. Mwanatumu alihamishia mafunzo huko. Alianza mbali sana, upande wa pili wa kilima, ambako mlio ulifika kama mtu anayefunga mlango nyumba ya jirani. Aliweka sufuria ya uji na mifupa chini, na mlio uliposikika, alimruhusu Nzuu kula. Hakuna mlio, hakuna chakula. Siku za kwanza Nzuu alitazama sufuria, akatazama kilima, akalala chini na njaa yake. Mwanatumu alirudi na sufuria nyumbani ikiwa imejaa. Kesho yake aliibeba tena. Wiki zilivyopita, kilima kikasogea. Ikafika mahali Nzuu akisikia kengele ya onyo ya machimbo alianza kutikisa mkia na kuramba midomo, na mlio ulipopasuka alimgeukia Mwanatumu kwa uso wa mtu anayeuliza, haya, kiko wapi?

Wapasuaji mawe walimzoea. Mmoja wao, Reuben, mtu mwenye sikio moja lisilosikia kwa sababu ya kazi ile, alimwuliza kwa nini anajisumbua hivi kwa ajili ya mbwa.

"Kwa sababu waliniambia hana dawa," alisema kwa sauti ya juu.

"Nani?"

"Wote."

Reuben alitafakari, akaitikia kwa kichwa. Aliona ni sababu ya kutosha.

Msimu wa ndege ulipofunguliwa, kanga walikuwa wengi kuliko miaka yote. Mvua ile kubwa ilikuwa imewalea vizuri, nao walikuwa wakifukua mashamba ya watu. Bwana Titus alikuwa na kibali na alikuwa na wageni wa kuja Jumamosi. Hakuwa na mbwa. Mbwa wake mkubwa alikuwa ameumwa na kifutu. Rodgers, kijana aliyechukua nafasi ya Mzee Zaki, ndiye aliyemwambia kuwa amemwona mbwa wa Mwanatumu kule machimboni, amekaa katikati ya baruti kama aliye msikitini.

Bwana Titus alikuja. Safari hii alizima gari.

"Mzee, nitamchukua mbwa wa kwako Jumamosi. Rodgers atamshika."

Mzee Zaki alifungua kinywa. Mwanatumu alikuwa ameshafika.

"Nzuu haendi bila mimi."

"Mama, huko ni porini. Kuna wageni wazito. Hakuna kazi ya mwanamke."

"Basi hakuna mbwa."

"Mwanatumu," baba yake alinong'ona.

Bwana Titus alimtazama mzee, akingoja amrudi bintiye. Mzee Zaki aliinamisha macho akatazama fimbo yake. "Mbwa ni wake," alisema mwishowe. "Mimi nilikuwa nimemkatia tamaa."

Jumamosi walikwenda Muthetheni, kwenye mashamba ya ngazi yaliyoteremka upande wa bonde, kila tuta limeshikwa na ua wa mkonge. Bwana Titus alimwambia Mwanatumu akae karibu na magari, pamoja na mpishi, mpaka aitwe. Alimjibu, "Sawa," kisha akamfunga Nzuu kamba, akafunga mtandio vizuri, akaenda akasimama kwenye mstari nyuma ya wenye bunduki, mahali alipokuwa akisimama baba yake. Rodgers alimwona. Alijikuna shingo, akatazama pengine.

Mgeni mkubwa siku hiyo alikuwa mwenye kiwanda kimoja cha Athi River. Wote walimwita Dairekta. Alikuwa na bunduki nzuri na koti jipya, na alikosa. Kanga walipofukuzwa kutoka kwenye mtama wa juu waliruka wakipiga kelele kama mageti yenye kutu, wakapita juu ya mstari, bunduki zikalia, wakaanguka huku na huko. Lakini hakuna aliyeanguka mbele ya Dairekta.

Nzuu alikaa. Mbwa alikuwa akitetemeka, pua juu, macho yakihama kutoka pale alipoangukia mmoja mpaka pale alipoangukia mwingine. Mwanatumu alimfungua kamba. "Leta!" Akaenda. Akaleta. Akaenda tena. Mmoja baada ya mwingine, mikononi, bila unyoya kuvunjika, na kila mmoja aliyekuwa bado na uhai Mwanatumu alimchinja kwa bismillahi. Mstari mzima wa wanaume ulimtazama mbwa wa katoni.

Katika kundi la pili Dairekta alimpata mmoja, ila bawani tu. Kanga alianguka, akainuka, akaanza kukimbia chini chini kando ya ua wa mkonge kuelekea tuta la chini. Mwanatumu alimtuma Nzuu. Mbwa aliushika mnuso, akashuka mbio, akawa karibu naye.

Ndipo Mwanatumu alipoona mtutu wa Dairekta ukishuka. Alikuwa ameshatia risasi nyingine. Alimtaka ndege wake, na alikuwa akimlenga ardhini, akimfuata kwa mtutu, na nyuma ya kanga alikuwa Nzuu.

"Mbwa yuko mbele!" alipiga kelele. "Inua bunduki!"

Dairekta hakusikia, au alisikia. Mwanatumu hakukumbuka baadaye jinsi miguu yake ilivyoruka. Alijikuta mbele ya mtutu, kiganja chake kimeupiga kwa chini, na bunduki ikalia angani. Masikio yake yakafa. Marisau yalinyesha mbali kwenye majani kama mvua ya rasharasha. Na kule chini ya tuta, kati ya mimea ya mbaazi, vichwa viliinuka: kitambaa chekundu, kofia ya mkonge, kitambaa cha buluu. Watu walikuwa wakivuna shambani mwao, pale pale mtutu ulipokuwa ukielekea.

"Una wazimu?" Dairekta alikuwa amebadilika rangi. "Unashika bunduki ya mtu?"

Mwanatumu alimpa kisogo. Alikuwa anatazama chini. Mlio ule ulikuwa wa karibu kuliko yote, umetoka pale aliposimama yeye, na Nzuu alikuwa amesimama, masikio yamenyanyuka. Mbwa aligeuka akamtazama. Kisha akaingiza kichwa chini ya mkonge, akatoka na kanga hai anayepiga bawa moja, akaanza kupanda tuta bila haraka. Alikuja akaketi mbele ya Mwanatumu, akainua kidevu, na mkono ulipowekwa chini akamwachia ndege.

"Omba msamaha," Bwana Titus alisema. Alikuwa amefika akihema. "Mwanatumu, mwombe Dairekta msamaha sasa hivi."

"Kwa lipi?"

"Umemshika mgeni wangu bunduki!"

"Nimemkinga mbwa wangu, na hilo silikatai. Wale watu kule chini sikuwa nimewaona. Sasa nimewaona, nawe umewaona." Sauti yake ilikuwa ikitetemeka, akaiacha itetemeke. "Anayepaswa kuomba msamaha hapa ninamjua, na wewe unamjua. Mimi simwombi mtu."

"Basi safari yako imeishia hapa. Na ndege huyo ni wa mgeni. Mpe."

Mwanatumu alimchinja kanga, akamshika miguu, na badala ya kumpa mtu yeyote katika mstari ule aliteremka matuta na Nzuu nyuma yake. Mwanamke wa kitambaa chekundu alikuwa bado amesimama na kikapu chake, midomo imekauka. Aliitwa Ndunge, na mashamba yale, tangu barabarani mpaka bondeni, yalikuwa yake na ya shemeji zake.

"Mwaitu," Mwanatumu alisema, akimwita mama kwa Kikamba, "ndege huyu ameangukia kwako. Ni wako."

Ndunge alimpokea kanga. Alimtazama yeye, akamtazama mbwa, kisha akatazama juu kwenye mstari wa wanaume wenye makoti. "Hiyo bunduki ilikuwa inaangalia sisi?"

"Ndiyo."

"Ii," alisema Ndunge polepole. "Haya. Enda salama, mwanangu."

Walitembea mpaka sokoni Muthetheni, kisha dereva wa lori la mchanga akawabeba mpaka mjini, Nzuu amelala juu ya mchanga kama bibi harusi. Mzee Zaki alisikiliza habari yote bila kukatiza. Mwanatumu alingoja aambiwe kwamba ameharibu jina la nyumba.

"Ulisimama mbele ya bunduki," alisema mzee.

"Ndiyo, baba."

"Mtu mzima na akili zako."

"Ndiyo."

"Na mbwa, mlio ulipolia?"

"Alinitazama tu. Kisha akaendelea na kazi."

"Ndege alifika mkononi akiwa hai?"

"Hai."

Mzee Zaki alijiegemeza kitini. Kicheko kilimjia kutoka mbali, si kile cha siku ya katoni. "Kule kote nilikotembea," alisema, "miaka ile yote, mtu akinielekezea mtutu nilikuwa nasema samahani bwana." Akafuta macho kwa kiganja. "Niletee huyo mbwa hapa. Ua wote umwagiwe maji baadaye, sijali. Mlete."

Wiki ile Bwana Titus alipeleka ujumbe Muthetheni kwamba atakuja tena na wageni. Ndunge alimjibu kwamba kanga ni wa serikali lakini mbaazi ni za kwake, na njia ya kupita ni ya kwake. Atakayepita ni yule mama wa mbwa, na wanaopita nyuma yake. Shemeji zake walisema vile vile. Majirani wa ng'ambo ya bonde, walipopata habari ya marisau, walisema zaidi.

Kwa hiyo gari lilisimama tena mbele ya lango la Mzee Zaki, na Bwana Titus akabisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ami Abdalla alikuwa amekuja kupima kitambaa cha mapazia na Mwanatumu. Alikaa kwenye kona yake, mbali na mbwa, masikio yamesimama.

"Tunatoka Jumamosi," Bwana Titus alisema. "Dairekta hatakuja. Sikumwalika."

Mwanatumu hakunyanyua macho kwenye cherehani. "Mbwa akiwa mbele, hakuna mtutu unaoshuka chini ya kiuno cha mtu."

"Hiyo ndiyo sheria siku zote."

"Basi haitakuwa shida kuirudia mbele ya wageni. Utaisema wewe, kwa sauti, kabla ya mtu kutia risasi. Na mahali pa kusimama nitachagua mimi, maana mimi ndiye ninayejua mbwa anaona nini."

"Mwanatumu, hawa watu hawajazoea kuamrishwa na..."

"Na nani?"

Bwana Titus alitazama huku na huku kutafuta msaada. Mzee Zaki alikuwa ameshughulika na kahawa yake. Ami Abdalla, ambaye kwa miezi mingi alikuwa amezunguka njia nyingine ili asipite karibu na banda, alikohoa.

"Mtoto ameuliza swali," alisema. "Na nani?"

"Tutaona," alisema Bwana Titus, akaondoka.

"Tutaona," Mwanatumu alisema, akakanyaga cherehani.

Jumamosi gari lilifika kabla jua halijachomoza juu ya vilima vya Iveti. Rodgers alikuwa ameketi mbele, pembeni ya Bwana Titus. Mwanatumu alimpandisha Nzuu nyuma, akakagua kamba, akafunga mlango wa nyuma. Kisha akaja mbele, akafungua mlango wa upande wa Rodgers, akasimama hapo, mkono mmoja juu ya mlango.

Bwana Titus aliutazama usukani. Rodgers alimtazama Bwana Titus, asipate kitu usoni pake. Akashuka, akahamia nyuma akaketi na mbwa.

Mwanatumu aliingia, akaweka mapajani filimbi ya kumwitia mbwa. "Haya," alisema. "Twende, tusiwakute kanga wameshashiba mtama wa watu."